Arthur Ashe: Bingwa wa tenisi aliyefanya kazi na Ukimwi hadi wiki yake ya mwisho

Wiki chache zilizopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, tulizungumzia afya mahali pa kazi. Kabla hatujafunga simu, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe mfupi. Anafanya kazi ghalani, anaishi na virusi vya Ukimwi, na anameza dawa kila siku bila kukosa. Kila anapoomba ruhusa ya kwenda kliniki, msimamizi wake humuuliza anaumwa nini. Akatuuliza: aseme, au aendelee kunyamaza?

Mmoja wetu studioni alijibu haraka kwa methali tunayoijua wote, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Muda ukawa umekwisha, tukaingia kwenye taarifa ya habari. Lakini jibu lile halikutukaa vizuri. Tulihisi tumemtupia mtu methali badala ya kumsaidia. Ndiyo maana leo tumeamua kuandika maisha ya mtu aliyekabiliwa na swali hilohilo zaidi ya miaka 30 iliyopita, wakati ambapo dawa zilikuwa chache na hofu ilikuwa kubwa kuliko leo. Mtu huyo ni Arthur Ashe, bingwa wa tenisi wa Marekani.

Mtoto wa mtunza bustani

Arthur Robert Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Huo ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi uliowekwa kisheria. Watu weusi walikuwa na shule zao, viti vyao kwenye mabasi na hata viwanja vyao vya michezo. Baba yake alikuwa mtunzaji wa bustani kubwa ya watu weusi, na familia iliishi ndani ya bustani hiyo, hatua chache kutoka viwanja vya tenisi. Mama yake alifariki Arthur akiwa na umri wa miaka 6.

Kocha aliyemkuza, daktari Robert Walter Johnson, aliwafundisha vijana weusi jambo moja zaidi ya kupiga mpira: kutoonyesha hasira uwanjani. Alijua kwamba kijana mweusi akigombana na mwamuzi mbele ya wazungu, mlango utafungwa kwake na kwa wenzake watakaofuata. Ashe alilishika somo hilo. Utulivu ule watu waliuona kwake maisha yake yote, uwanjani na baadaye hospitalini.

Alisoma Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akahitimu mwaka 1966 katika masomo ya biashara, kisha akaingia jeshini. Mwaka 1968, akiwa bado luteni wa jeshi na mchezaji wa ridhaa, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani. Kwa kuwa wachezaji wa ridhaa hawakuruhusiwa kupokea zawadi ya fedha, dola 14,000 za bingwa zilikwenda kwa Mholanzi Tom Okker, mtu aliyemshinda kwenye fainali. Ashe alishinda Australia mwaka 1970. Mwaka 1975 akamshinda Jimmy Connors kwenye fainali ya Wimbledon, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo.

Afrika pia ilimfahamu kwa karibu. Mwaka 1970 alizuru nchi kadhaa za bara letu pamoja na mchezaji mwenzake Stan Smith, zikiwemo Kenya na Tanzania. Mwaka uliofuata, huko Yaoundé nchini Kamerun, alimwona mvulana mdogo akicheza tenisi kwa kipaji cha kushangaza, akamfanyia mpango wa kwenda kufundishwa Ufaransa. Mvulana huyo ni Yannick Noah, ambaye mwaka 1983 alikuja kuwa bingwa wa mashindano ya Ufaransa.

Moyo, kisha damu

Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 36 na bado mchezaji wa kulipwa, Ashe alipata shambulio la moyo. Watu walishangaa kwamba mwanamichezo mwembamba, asiyevuta sigara, angeweza kuugua hivyo, lakini ugonjwa wa moyo ulikuwa kwenye ukoo wao. Desemba mwaka huo alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo. Mwaka 1980 akastaafu kucheza.

Kustaafu kwake hakukuwa kukaa nyumbani. Alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya Marekani ya Kombe la Davis, na timu ikatwaa kombe mwaka 1981 na 1982. Alitangaza tenisi kwenye televisheni za HBO na ABC, aliandika safu gazetini, na alikuwa kwenye bodi ya kampuni kubwa ya bima ya Aetna. Alialikwa kufundisha somo la wanamichezo weusi chuoni, akakuta hakuna kitabu cha kutosha cha kufundishia. Basi akaanza kukiandika mwenyewe, kwa fedha zake, akiwa na wasaidizi wa utafiti. Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa ikatoka katika juzuu tatu.

Juni 1983, mwezi uleule Noah aliposhinda Paris, Ashe alirudi kwenye meza ya upasuaji wa moyo. Alipotoka alikuwa dhaifu, akaongezewa damu ili apate nguvu. Wakati huo wanasayansi wa Paris walikuwa ndiyo kwanza wametangaza kukiona kirusi ambacho baadaye kilithibitika kusababisha Ukimwi, na kipimo cha kupima damu ya wachangiaji hakikuwepo. Marekani ilianza kupima damu mwaka 1985. Ashe hakujua kwamba damu iliyompa nguvu ya kurudi kazini ilikuwa na virusi.

Aliishi hivyo miaka mitano. Alioa mwaka 1977 mpiga picha Jeanne Moutoussamy, na mwishoni mwa mwaka 1986 walimpata binti yao wa kulea, wakamwita Camera kwa heshima ya kazi ya mama yake.

Siku mkono wa kulia ulipogoma

Mwishoni mwa Agosti 1988 Ashe alikuta vidole vya mkono wake wa kulia havitii. Huo ndio mkono uliokuwa ukishika raketi. Muda si mrefu mkono ulilegea kabisa. Picha za kichwa zilionyesha doa kwenye ubongo, akafanyiwa upasuaji mapema Septemba. Madaktari walikuta maambukizi yaitwayo toksoplasmosisi.

Hapa tueleze kidogo. Vimelea vya ugonjwa huo wako ndani ya miili ya watu wengi duniani, na huweza kuingia kwa kula nyama isiyoiva vizuri au kwa kugusa uchafu wa paka. Kwa mtu mwenye kinga nzuri hukaa kimya, pengine maisha yote. Kinga ikishuka sana, huamka na kushambulia ubongo. Kwa hiyo madaktari walipowaona walijua wapime nini. Majibu yalionyesha kwamba Ashe ana virusi vya Ukimwi, na kwamba ugonjwa wenyewe umeshafika. Mkewe na mtoto walipimwa, wakaonekana hawana maambukizi.

Dawa iliyokuwepo wakati huo ni AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ilipoingia sokoni gharama yake ilikaribia dola 10,000 kwa mwaka, na madhara yake yalikuwa makali. Ilisaidia kwa muda, kisha virusi vikaizoea. Mtu aliyeambiwa ana Ukimwi mwaka 1988 alijua kwamba anahesabiwa miaka, pengine miezi.

Swali la kwanza: nani ajue?

Ashe alitoka hospitali akiwa na maamuzi mawili ya kufanya. La kwanza, aache kazi au aendelee. La pili, nani aambiwe.

La kwanza halikumsumbua sana. Aliamua kuendelea. Kitabu chake cha historia ya wanamichezo weusi kilitoka mwaka uleule wa 1988. Mkono wake ulipata nguvu tena kadiri dawa za toksoplasmosisi zilivyofanya kazi, na aliporudi kwenye televisheni watazamaji waliona mtu mwembamba kuliko zamani, basi. Wengi walidhani ni moyo. Alisoma kila alichoweza kusoma kuhusu ugonjwa wake, akawa mgonjwa anayejadiliana na daktari badala ya kupokea maagizo tu. Safari za kikazi zilipangwa zikipishana na kliniki, na vidonge vilisafiri naye kila mahali.

La pili ndilo lililokuwa gumu. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Watu walikuwa wakifukuzwa kazi, watoto wakikataliwa shuleni. Hata Novemba 1991, nyota wa mpira wa kikapu Magic Johnson alipotangaza kuwa ana virusi, alistaafu siku hiyohiyo. Alipotaka kurudi mwaka uliofuata, baadhi ya wachezaji wenzake walionyesha hofu ya kugusana naye uwanjani, akaacha. Ashe hakuwa mchezaji tena, lakini kazi zake zote zilitegemea jina lake: kutangaza, kushauri makampuni, kufundisha. Na alikuwa na mtoto mdogo ambaye hakutaka anyooshewe kidole shuleni.

Akachagua njia ya katikati. Madaktari walijua kila kitu. Mkewe alijua. Marafiki wa karibu na watu wachache aliofanya nao kazi waliambiwa, mmoja mmoja, kadiri ilivyohitajika. Baadhi yao walikuwa waandishi wa habari, watu ambao kazi yao ni kusema. Walinyamaza miaka mitatu na nusu. Sisi tunaofanya kazi hii ya habari tumelifikiria sana jambo hilo. Mtu anaweza kuwa na habari kubwa kuliko zote mezani kwake, na bado akaona kwamba si yake kuitoa.

Siri inapochukuliwa

Aprili 1992 mpangilio huo ulivunjika. Gazeti la USA Today lilipata fununu. Mwandishi wake wa tenisi, ambaye alikuwa amefahamiana na Ashe tangu ujana, alikwenda kumuuliza. Ashe akazungumza pia kwa simu na mhariri wa michezo. Hakukubali wala hakukana. Alijua kwamba kukana ni kusema uongo, na kwamba kukaa kimya kutampa mwingine nafasi ya kuyasimulia maisha yake.

Kesho yake, tarehe 8 Aprili, aliitisha mkutano na waandishi wa habari katika ofisi za HBO jijini New York. Alieleza kwamba ana Ukimwi, kwamba aliupata kwa kuongezewa damu, na kwamba hakuwa tayari kulisema hadharani siku hiyo bali amelazimishwa. Alipofika kwenye sehemu inayomhusu binti yake, sauti ilikatika. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kuficha hisia alishindwa kuendelea. Jeanne akasimama kando yake akaisoma sehemu hiyo.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Wapo waliosema mtu maarufu hana faragha, na kwamba angesema mapema angeokoa wengine. Mamia ya wasomaji waliliandikia gazeti lile, wengi wakilaumu lilichofanya. Ashe mwenyewe alikiri kwamba baada ya kusema alihisi mzigo umepungua. Lakini hakuacha kusisitiza kwamba mzigo ule ulikuwa wake, na yeye ndiye aliyepaswa kuchagua siku ya kuutua.

Na kazi? Hofu yake kubwa haikutimia. Waajiri na makampuni aliyofanya nayo kazi yalibaki naye. Miezi miwili baadaye alikuwa Wimbledon akitangaza mechi kama kawaida.

Miezi kumi ya mwisho

Kuanzia siku ile alikuwa na miezi kumi tu ya kuishi, na aliijaza kazi. Alianzisha mfuko wa kupambana na Ukimwi. Mwishoni mwa Agosti 1992 mastaa wa tenisi walikusanyika New York, kabla ya mashindano ya Marekani kuanza, wakacheza kuuchangia.

Siku chache baadaye, tarehe 9 Septemba, alikwenda Washington kuandamana mbele ya Ikulu ya Marekani dhidi ya kurudishwa kwa wakimbizi wa Haiti, akakamatwa na polisi pamoja na wenzake. Aliporudi nyumbani alipata shambulio dogo la moyo. Wengine wangeona hiyo ni ishara ya kupumzika. Tarehe 1 Desemba, Siku ya Ukimwi Duniani, alisimama Umoja wa Mataifa akizitaka nchi ziongeze fedha za kupambana na ugonjwa. Mwezi huohuo akaanzisha taasisi ya afya kwa ajili ya watu wa mijini wasiofikiwa na huduma.

Wakati huohuo alikuwa akiandika kitabu cha maisha yake na mwandishi Arnold Rampersad. Humo alieleza jambo lililowashangaza wengi: kwamba kwake Ukimwi haukuwa mzigo mzito kuliko yote, kuwa mtu mweusi katika nchi yake kulikuwa kuzito zaidi. Sura ya mwisho ni barua kwa Camera, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 6, umri uleule Ashe aliokuwa nao alipofiwa na mama.

Kitabu kilikamilika siku chache kabla ya kifo chake. Arthur Ashe alifariki kwa homa ya mapafu jijini New York tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49. Mwili wake uliwekwa katika makazi ya gavana wa Virginia, na maelfu ya watu walipanga foleni kumuaga, katika mji uleule uliomzuia utotoni kucheza kwenye viwanja vya wazungu. Alizikwa kando ya mama yake. Miaka mitatu tu baada ya kifo chake, mwaka 1996, dunia ilianza kutumia mchanganyiko wa dawa ambao uligeuza Ukimwi kutoka hukumu ya kifo kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Uwanja mkuu wa mashindano ya Marekani, uliofunguliwa mwaka 1997, unaitwa kwa jina lake.

Tunarudi kwa msikilizaji wetu

Hatumwambii mtu yeyote awe Arthur Ashe. Yeye alikuwa na jina, fedha, bima, na mke aliyesimama naye. Karani wa ghala hana vyote hivyo. Lakini ana vitu viwili ambavyo Ashe hakuvipata.

Cha kwanza ni dawa. Anayemeza dawa za kufubaza makali ya virusi kila siku, hadi virusi visionekane kwenye kipimo, anaweza kufanya kazi na kuzeeka kama wenzake, wala hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Cha pili ni sheria. Tanzania ina sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008, na Kenya ya mwaka 2006. Sheria hizi zinalinda usiri wa majibu ya mgonjwa na zinakataza ubaguzi dhidi yake. Msimamizi anaweza kuomba cheti cha kuhudhuria kliniki. Jina la ugonjwa si lazima aambiwe.

Na ile methali yetu? Bado tunaiamini, ila studioni tuliitumia vibaya. Inamsema anayemficha tabibu, anayekwepa kipimo, anayetupa vidonge chooni ili asionekane navyo. Ashe hakumficha daktari wala mke wake. Aliwaficha wale ambao kujua kwao kusingemponya, na ndani ya miaka ile mitatu na nusu alifanya kazi yake vizuri.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa ghalani, hili ndilo jibu tulilopaswa kukupa siku ile. Daktari asifichwe chochote. Mwenza wako ajue. Kazini, kama yupo mtu mmoja unayemwamini, mwambie siku utakayoona inafaa, ili ukizidiwa awepo wa kukushika mkono. Wengine wote wasubiri. Siku ya kusema, kama itafika, utaichagua wewe.